Shajara ya studio ya nyumbani: kurekodi udi na sauti Unguja, Januari hadi Juni 2025

11 Januari 2025: Tunachotaka kurekodi

Lengo ni kurekodi taarab ya vyombo vichache hapa nyumbani, Ng'ambo, mjini Unguja: udi (chombo cha nyuzi), fidla, dumbaki (ngoma ndogo ya mkono) na sauti ya mwimbaji. Ami yangu anapiga udi tangu ujana wake, na nyimbo nyingi alizonazo kichwani hazijapata kurekodiwa popote. Tulizonazo ni za simu tu, na simu ina tabia inayoua udi: inapandisha na kushusha sauti yenyewe. Ami akipumzika baina ya vipande, simu inavuta juu kila kilichomo chumbani, feni, kuku, pikipiki za njiani. Akikaza mkono, inambana.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli hadi Bombay ili warekodiwe na His Master's Voice. Siku hizi vifaa vya kazi hiyo vinaenea kwenye mkoba mmoja, na bado wazee wetu wanaondoka na nyimbo zao. Kwa hivyo naandika kila hatua na bei yake, ili mwenye ami au bibi wa namna hii apate pa kuanzia.

Jambo moja linaongoza manunuzi yote. Udi ni chombo cha sauti ndogo. Anayetengeneza midundo ndani ya kompyuta anahitaji mashine yenye nguvu, lakini anayerekodi udi anahitaji mashine iliyo kimya, isiyokwama, na kadi ya sauti (kifaa kinachopeleka sauti ya maiki kwenye kompyuta) isiyo na mvumo. Pesa zitagawanywa hivyo: kadi na maiki kwanza, kompyuta baadaye, na isiwe kubwa kuliko kazi.

25 Januari: Kompyuta

Swali la kwanza lilikuwa kompyuta ya mezani au mpakato. Ya mezani iliyotumika ni rahisi zaidi kwa nguvu ile ile, na nilikaribia kuichukua. Kilichonigeuza ni umeme. Ukikatika katikati ya wimbo, kompyuta ya mezani inazima na wimbo unakwenda nao, isipokuwa ununue na betri ya akiba. Mpakato inahamia kwenye betri yake bila kushtuka, na kadi ya sauti inayopata umeme kupitia USB inaendelea kufanya kazi nayo.

Nilitafuta Mlandege na Darajani, mwisho nikanunua Kariakoo nilipovuka kwenda Dar kwa shughuli nyingine: ThinkPad T480 iliyotumika, Core i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256, kwa sh 620,000. Sababu za kizazi cha 8 ni mbili. Hapo ndipo i5 za mpakato za aina hii zilipotoka viini viwili na kuwa vinne. Pili, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi hicho kwa upande wa Intel, na msaada wa Windows 10 ulikuwa umetangazwa kwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kizazi cha 6 kilikuwa rahisi kwa karibu laki mbili, lakini ungekuwa ununuzi wa miezi tisa. T480 pia ina nafasi mbili za RAM, nikaongeza GB 8 nyingine kwa sh 65,000.

Watu wengi watakwambia SSD ni lazima kwa sababu ya kasi. Hesabu haisemi hivyo. Traki moja (njia moja ya sauti) ya biti 24 kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde inakula MB 8.6 kwa dakika. Traki nane kwa pamoja ni kama MB 69 kwa dakika, GB 4 na ushei kwa saa, na hata diski ya zamani inayozunguka inamudu hayo kwa urahisi. SSD niliitaka kwa sababu haina mlio. Diski inayozunguka huguna na kugonga, na maiki ya kondensa ikiwa mita moja kutoka mezani inasikia yote.

Kabla ya kutoa pesa pale dukani, fanya haya. Washa na uingie kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayotangulia Windows) uone kama imefungwa kwa nywila, kwani mashine nyingi zinatoka maofisini Ulaya na nyingine zinakuja na kufuli zake. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri uone betri imebakisha kiasi gani cha uwezo wake wa asili. Endesha CrystalDiskInfo kutoka kwenye flashi yako kupima afya ya diski. Chomeka kitu kwenye kila tundu la USB. Kisha iache ifanye kazi nzito dakika kumi, usogeze sikio usikilize feni. Mbili nilizozirudisha mezani zilikuwa na feni inayokwaruza.

Mashine ilikuja "na programu zote zimeshawekwa", yaani nakala zilizovunjwa kufuli. Nilifuta diski yote nikaweka Windows upya. Nakala hizo huja na vitu vinavyojiendesha chinichini usivyovijua, na kompyuta ya kurekodi haitaki kitu chochote cha chinichini.

8 Februari: Kadi ya sauti

Hapa ndipo palipokula muda.

Jaribio la kwanza lilikuwa kile kidude cha USB chenye tundu la maiki na tundu la hedifoni, sh 15,000. Kwa mazungumzo ya mtandaoni kinatosha. Kwa udi kilikuwa na mvumo mkubwa kiasi kwamba nyuzi za juu zikififia, mkia wake unazama ndani ya mvumo. Tundu lake ni la maiki ndogo za kompyuta, na maiki ya kondensa inayotaka volti 48 haiwezi kuwaka hapo kabisa. Kimewekwa kando.

Jaribio la pili, mikseta ndogo yenye USB, ya kuazima kwa rafiki anayepiga kwenye maharusi. Ina vitufe vingi na inavutia macho. Angalia kabla ya kununua ya namna hiyo: mikseta nyingi za bei ya chini, hata zikiwa na matundu manane, kwenye USB zinapeleka chaneli mbili tu, kulia na kushoto, zikiwa zimeshachanganywa. Njia ya kupita hapo ipo: udi uzungushe wote kushoto, sauti yote kulia, na kompyuta itapata traki mbili tofauti. Tulifanya hivyo na ikakubali. Lakini hiyo ya kuazima ilikuwa ya biti 16 na haikuwa na draiva (programu ya kuendesha kifaa) yake ya ASIO. Nikaiendesha kwa ASIO4ALL, draiva ya jumla ya bure, na kila nilipoondoa na kuchomeka waya ikabidi nipange upya.

ASIO ni nini hasa, kwa anayeanza: ni njia iliyobuniwa na Steinberg mwaka 1997 ili programu ya muziki izungumze na kadi moja kwa moja, bila kupitia tabaka za sauti za Windows zinazochelewesha. Kadi yenye draiva yake mwenyewe ya ASIO inaokoa usiku mwingi wa kukosa usingizi.

Biti 24 nazo zina maana kwa udi zaidi kuliko kwa gitaa la umeme. Biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli 96 hivi baina ya kilele na sakafu. Biti 24, kinadharia, 144. Hakuna kadi inayofika 144 kwa kweli, ila faida yake ni kwamba unaweza kurekodi kwa utulivu, vilele vikigota kama desibeli 12 chini ya kikomo, bila kuogopa sakafu. Ami akikaza mkono ghafla, hakuna kinachopasuka.

Niliyochukua ni Behringer UMC202HD, sh 340,000: matundu mawili ya maiki, volti 48, biti 24, draiva yake ya ASIO, na swichi ya kumsikilizisha mpigaji sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Focusrite Scarlett 2i2 ilikuwa chaguo jingine zuri, bei yake ikanizidi. Swichi hiyo ya kusikiliza moja kwa moja ndiyo inayofanya kompyuta ya kawaida itoshe. Mpigaji anajisikia kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta hata kidogo, kwa hiyo kuchelewa kwa kompyuta hakumgusi.

16 Februari: Programu

Audacity kwanza, kwa kuwa ni ya bure na wengi tunaijua. Kwa mkupuo mmoja ni nzuri. Shida ilikuja tulipoweka fidla juu ya udi uliokwisha kurekodiwa: fidla ilikaa mahali pasipo pake. Programu inakisia ucheleweshaji na kuurekebisha kwa namba ambayo unapaswa kuipima mwenyewe. Nikaipima, ikakaa sawa, lakini nakala yake ya kawaida wakati huo haikutumia ASIO, na kila nilipobadilisha mpangilio wa kadi nililazimika kupima tena.

FL Studio ndiyo wapigaji midundo wengi wa bongo fleva wanaanza nayo, na vijana wa mtaani walinisukuma huko. Kwa midundo ni chombo kizuri. Ila wakati huo toleo lake la chini, Fruity, lilikuwa halirekodi sauti za maiki. Ilihitajika toleo la Producer, na bei ilipanda sana.

Nimebaki na Reaper. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kwa kadi ya mtandaoni ya pesa za simu ilinigharimu kama sh 160,000 pamoja na makato. Faili lake la kusakinisha ni dogo, jambo la maana kwa anayenunua bando. Inakuja na plagini zake za kusawazisha na kubana sauti, na kwa kazi hii sijaona haja ya nyingine.

Mambo mawili ya kupanga kwa muziki wetu. Zima mvuto wa gridi (mistari ya mapigo inayovuta sauti iangukie juu yake), na weka msingi wa muda wa mradi uwe saa badala ya mapigo. Taarab ya udi haitembei kwa metronomu (kigonga mapigo). Inapumua pamoja na mwimbaji, na programu isipewe ruhusa ya kuisogeza. Pia usiguse kirekebisha noti. Wimbo wa Bayati, moja ya makamu (ngazi za noti) za muziki wa Kiarabu, una noti inayokaa baina ya funguo mbili za piano, na plagini iliyopangwa kwa noti 12 inaisukuma kwenye funguo iliyo karibu. Nilimsikilizisha ami matokeo yake. Akasema, "Huyo si mimi," akaondoka kwenda kusali.

9 Machi: Milio ya kukatika

Ramadhani imeingia, hakuna kupiga. Usiku baada ya tarawehe natumia muda kusafisha mashine.

Kwenye rekodi za Februari kulikuwa na vimlio vidogo, tk, visivyofuata mpangilio wowote. Havikuwa kwenye maiki, kwani vilikuwepo hata nilipopiga faili la zamani. Watu wanakimbilia kusema kompyuta haina nguvu. Kipimo cha Reaper kilionyesha kichakataji kinatumika kidogo sana. Tatizo la namna hii mara nyingi ni sehemu moja ya mfumo inayomshika kichakataji kwa muda mrefu kidogo kuliko sauti inavyoweza kusubiri.

LatencyMon, programu ya bure, inaonyesha nani anamshika. Kwangu ilikuwa draiva ya Wi-Fi, jambo linalotokea kwenye kompyuta mpakato nyingi. Nikizima Wi-Fi, vimlio vinakwisha karibu vyote. Vilivyobaki viliondoka nilipofanya haya: mpango wa umeme uwe wa utendaji wa juu, Windows ikatazwe kulaza matundu ya USB, na kadi ichomekwe kwenye tundu la kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyaji. Tangu hapo kompyuta ikirekodi haiko mtandaoni.

Bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukishughulikia): kwa sampuli 48,000, bafa ya 128 ni milisekunde 2.7, ya 256 ni 5.3, ya 1024 ni 21.3, na hapo bado kuna nyongeza ya kuingia na kutoka. Hewani sauti inakwenda sentimita 34 kwa milisekunde, maana yake mwimbaji aliyekaa mita tatu kutoka kwa fidla anaisikia ikiwa imechelewa karibu milisekunde 9 na hapati shida yoyote. Narekodi kwa 256, nachanganya kwa 1024.

Kipimo kingine kinachofaa kufanywa mara moja: waya kutoka tundu la kutoka kwenda tundu la kuingia, piga mlio mfupi, urekodi, kuza picha, hesabu sampuli baina ya mlio wa asili na uliorudi. Draiva inadai namba, ukweli unatofautiana nayo kidogo. Tofauti hiyo nimeiandika kwenye mipangilio ya Reaper, na sasa fidla inakaa juu ya udi inapotakiwa.

12 Aprili: Mkupuo wa kwanza, na masika

Baada ya Idi ami alikuja na udi wake, mwimbaji akaja na hamu yake yote. Mvua ikaja pia. Paa letu ni la bati, na masika juu ya bati hayana dawa ya programu. Tulirekodi asubuhi mapema baina ya manyunyu, feni imezimwa, jasho likitiririka.

Maiki ya kondensa (sh 250,000) niliielekeza kwanza kwenye tundu kubwa la udi, karibu. Sauti ikawa nzito, inavuma chini, nyuzi hazitengani. Nilipoisogeza kama sentimita 30 na kuielekeza pale shingo inapokutana na tumbo la udi, nyuzi zikafunguka na mgongano wa risha (kidude cha kupigia nyuzi) ukasikika bila kukwaruza. Kwa mwimbaji tunatumia Shure SM58 ya ami, ambayo ni kavu na haichukui sana udi uliopo pembeni. Maiki hizo mbili ziko mbali baina yao mara tatu ya umbali wa kila moja na chanzo chake. Tulipozikaribisha, sauti ya mwimbaji ikawa nyembamba kwa kuingia mara mbili.

Chumba: godoro la sufi limesimamishwa ukutani nyuma ya mwimbaji, busati zito sakafuni, pazia nene dirishani, yote sh 58,000 kwa kuwa godoro lilikuwepo. Sauti bado inatoka nje na kuingia ndani kama zamani. Kinachopungua ni mrudio wa kuta.

Hitilafu ya siku hiyo: hedifoni za mpiga fidla zilikuwa za wazi, udi ukavuja kutoka masikioni mwake ukaingia kwenye maiki yake. Nimenunua za kufunga sikio. Tena, kwa kuwa hakuna metronomu, ami sasa anagonga mapigo manne kwenye kifua cha udi kabla ya kila wimbo. Mpiga fidla anaingia nayo, halafu tunayakata.

3 Mei: Mvumo wa umeme

Kwenye mapumziko ya nyimbo kulikuwa na mvumo wa chini, thabiti. Kichunguzi cha masafa kilionyesha mlima kwenye hezi 50, vingine kwenye 100 na 150. Huo ni umeme wa nyumba. Dalili mbili zikaonyesha njia: nikichomoa chaja, mvumo unakufa, nikigusa kwa kidole ganda la chuma la kadi, unapungua.

Chaja ina pini tatu lakini tundu la ukutani halikuwa na waya wa ardhi nyuma yake. Fundi wa umeme alichimbia fimbo ya shaba uani, akavuta waya hadi kwenye chumba, sh 85,000. Mvumo umekwisha. Kuna watu wanashauri ukate pini ya ardhi kwenye chaja ili mvumo uondoke. Usifanye hivyo. Mwimbaji ameweka mdomo kwenye maiki ya chuma iliyounganishwa na kadi hiyo. Waya wa ardhi ndio unaomlinda. Kabla fundi hajafika tulirekodi kwa betri tu, na hiyo inatosha kama huna uwezo wa fundi sasa.

Simu zote zinatoka chumbani. Ikitafuta mtandao karibu na waya wa maiki, unasikia.

21 Juni: Hali ilivyo na gharama

Kipupwe kimeingia, hewa imepungua unyevu, na nyimbo za ami za udi na sauti zimekamilika kwa sehemu kubwa. Wakati wa masika maiki ya kondensa ilianza kutoa milio ya kukaanga kwa unyevu. Sasa inalala ndani ya chombo cha plastiki cha jikoni chenye kifuniko cha kubana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya maji. Vikibadilika rangi navikausha kwenye moto mdogo. Milio haijarudi.

Mengine niliyonunua bila hadithi: stendi mbili 90,000, waya mbili za maiki (XLR) 40,000, hedifoni jozi mbili 125,000, diski ya nje ya TB 1 kwa 140,000. Ukijumlisha na yote niliyotaja, pamoja na kile kidude cha mwanzo, ni sh 1,988,000 bila nauli za boti. Mwenye kompyuta ya kizazi cha 8 tayari anaweza kuondoa karibu laki saba hapo. Mwenye pesa kidogo anunue kadi na maiki moja nzuri, arekodi kwa kompyuta yoyote inayotulia.

Faili zinahifadhiwa WAV (sauti isiyobanwa), biti 24, kila wimbo kwenye folda yake yenye jina, tarehe, makamu na jina la mtunzi kama ami anavyolijua. Nakala ya pili iko nyumba nyingine, mtaa mwingine.

Kinachofuata ni kanuni, chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kikiwa kimelazwa. Inataka maiki mbili peke yake, na kadi ina matundu mawili tu, kwa hiyo itarekodiwa Julai ikifuata udi uliokwisha kukamilika. Mpigaji ameshapewa faili la kujifunzia.